Jiwe lenye njia ndani yake

Ami yangu alivunjika muundi wa mguu wa kulia, lakini ukimuuliza leo panamuuma wapi atashika nyonga. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini, na nilipoelewa ndo nikajikuta nimeingia kwenye jambo ambalo mpaka leo sijatoka, nalo ni mawe. Mawe yenye matundu, yanayotengenezwa na mikono ya watu, yanayopachikwa mahali mfupa umekosa kipande ili mfupa wenyewe uote humo ndani na jiwe lenyewe liondoke taratibu. Nimewaahidi watu mara nyingi kwamba nitaliandika hili na kila nikianza naishia nusu, basi leo nimekaa, umeme upo, naandika mpaka niyamalize yote.

Ami ni mwashi. Kwa wasio wa huku Lamu, mwashi ni fundi wa kujenga kwa mawe na chokaa, na ami amekarabati nyumba za zamani za Mkomani, mtaa mkongwe wa mji wetu, tangu mimi sijazaliwa. Siku hiyo walikuwa wanatengeneza ukuta wa juu wa nyumba moja ambayo dari lake lilikuwa limeshaanza kuinama, wamefunga jukwaa la boriti kwa kamba kama kawaida, kamba moja ikaachia. Alianguka kwenye kiwanda, pale uani, mguu ukatangulia, na mfupa ukatoboa ngozi ukatoka nje. Hapa kwetu hakuna kusema ita taksi, alibebwa kwa machela ya mlango mpaka gatini, boti mpaka Mokowe ng'ambo bara, halafu gari mpaka Mombasa, na barabara ile mnaijua wenyewe.

Hospitali (siitaji, manake walimwokoa mguu na hilo nawashukuru) walimsafisha kidonda, wakaondoa vipande vya mfupa vilivyokuwa vimekufa, wakamtia chuma na skrubu. Tukarudi nyumbani tukasubiri. Mwezi wa nne tangu aanguke eksirei ikaonyesha pengo. Mwezi wa nane pengo bado lipo, kama sentimita tatu hivi, ncha mbili za mfupa zinatazamana kama watu wamenuniana. Mfupa haukuunga. Akarudishwa thieta, na alipozinduka akakuta bandeji mbili, moja mguuni alikoitarajia na nyingine kiunoni ambayo hakuna mtu alikuwa amemwelezea vizuri. Walikuwa wamechukua mfupa kwenye nyonga wakajazia pengo. Kwenye karatasi aliyotia sahihi hilo lilikuwa limeandikwa, kwa Kiingereza, na ami Kiingereza hasomi. Hilo ndo lililoniuma mimi, sio upasuaji wenyewe.

Upasuaji wenyewe ulikuwa sahihi, na nataka kuliweka hili wazi kabla sijaendelea manake watu wakisikia habari ya kukatwa mfupa sehemu nyingine wanadhani ni uzembe. Mfupa wako mwenyewe ndo kiraka bora kuliko vyote. Unakuja na chembe hai za kujenga mfupa, unakuja na protini zinazoziita chembe nyingine zije, na unakuja na umbo lenye matundu ambalo mishipa ya damu inaweza kupenya, na mwili haukukatai kwa sababu ni wako. Ukingo wa nyonga ndo ghala ambalo madaktari wa mifupa wamelitegemea miaka nenda miaka rudi. Shida ni kwamba ghala hilo lina mwisho, ukishachukua mara moja mara ya pili kimebaki kidogo, mtoto mdogo hana cha kutosha, na pale palipochukuliwa panaweza kuuma muda mrefu. Kuna watu wanalalamikia nyonga kuliko mguu wenyewe. Ami ni mmoja wao.

Wakati huo mimi nilikuwa Nairobi nasoma kemia, mwaka wa tatu, sina hata wazo la kufanya nini baadaye. Nikaanza kusoma juu ya mifupa usiku wakati wenzangu wanalala. Na kitu cha kwanza kilichonishtua kilikuwa picha.

Ilikuwa picha ya kipande cha kiraka cha mfupa kilichokuzwa kwa darubini, na mimi nikaiona nikasema hiki nakijua, hiki ni ukuta wa ndani kwa bibi. Sijui kama mmewahi kuweka uso karibu na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, vya nyumba ya zamani ya Lamu, pale mahali plasta imebanduka. Kuta zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, lakini matumbawe yenyewe ni ya aina mbili. Lipo jiwe gumu la nchi kavu, la miamba ya zamani, linalochimbwa na kupasuliwa, hilo ndo la ukuta. Halafu lipo tumbawe laini la baharini ambalo lilikuwa linakatwa likiwa bado bichi, linachongwa haraka kabla halijakauka, na likishakauka linakuwa gumu na linabaki na nakshi zake mamia ya miaka. Hilo ndo la mapambo, la mihirabu ya misikiti ya kale ya pwani yetu, la vizingiti vya nakshi. Wataalamu wanaliita Porites. Ukilitazama karibu limejaa vitundu vidogo vidogo vilivyopangika, na vitundu hivyo haviko peke peke, vimeunganishwa, ukilimwagia maji juu yanatokea chini.

Sasa mwaka 1974 watafiti wawili wa Marekani, Della Roy na S. K. Linnehan, walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba wamechukua mifupa ya matumbawe, wakaipika ndani ya maji yenye fosfeti kwa joto na mgandamizo, na ile kaboneti ya kalsiamu ya tumbawe ikageuka ikawa hidroksiapataiti, ambayo ndo madini yale yale yanayofanya mfupa wa binadamu uwe mgumu, na vitundu vyote vikabaki pale pale vilivyokuwa. Kutokana na kazi ya aina hiyo vikatoka viraka vya mfupa vilivyotumika kwa wagonjwa, na matumbawe yaliyochaguliwa yalikuwa hasa Porites, yenye matundu ya kama maikromita 200 (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na Goniopora yenye matundu ya kama 500. Porites! Jiwe la zidaka! Nilisimama peke yangu kwenye korido ya maktaba nikatamani kumpigia simu kila mtu wa Langoni mpaka Mkomani.

Nilimpigia ami. Akasikiliza, akanyamaza, halafu akasema tu, "Kwani hao wamejua leo kuwa iwe la bahari lapitisha mai?" (Kwa Kiamu iwe ni jiwe, mai ni maji.)

Lakini tumbawe halitoshi, na hapa ndo silikati zinaingia. Kwanza matumbawe yenyewe yako hali gani sote tunajua, mwaka 1998 bahari ilipopata joto la El Niño matumbawe ya pwani ya Kenya yalipauka na mengi yakafa, hata ya kule Kiunga, na wavuvi wazee bado wanazungumzia mwaka ule. Mie sitaki kuona mtu anakata mwamba hai kwa ajili yangu hata kama ni kwa mguu wa ami. Pili, na hili ni la kitaalamu, ile hidroksiapataiti inayotokana na tumbawe ni nzuri lakini haitoki. Inakaa mwilini miaka na miaka. Mfupa unaota kuizunguka na kuingia ndani yake ila jiwe linabaki jiwe. Na ukiacha tumbawe bila kuligeuza, likabaki kaboneti tupu, linayeyuka mapema mno. Moja mgeni asiyeaga, jingine mgeni anayeondoka kabla chakula hakijaiva.

Silikati ni nini basi? Chukua kalsiamu ya chokaa, chukua silika ya mchanga, viunganishe kwa moto mkali. Ndo hiyo. Mwashi yeyote wa Lamu ameshika vitu hivi viwili maisha yake yote. Matumbawe yanapangwa kwa duara juu ya magogo, yanachomwa, hewa ya kaboni inatoka, inabaki chokaa kali ambayo ukiimwagia maji inachemka yenyewe. Ile chokaa, badala ya kuichanganya na mchanga kwenye beseni ukapiga plasta, ukiisaga pamoja na silika safi kabisa kwa vipimo halafu ukaitia kwenye tanuri la umeme zaidi ya nyuzi 1000, chembe zake zinashikana upya na unapata madini yanayoitwa wolastonaiti, silikati ya kalsiamu. Ukiongezea magnesiamu kwa kipimo unapata akemanaiti, au diopsaidi. Ukitia zinki unapata hadistonaiti. Ni familia kubwa na kila mmoja ana tabia yake mwilini, mwenye haraka na mwenye subira.

Mtu aliyefungua mlango huu anaitwa Larry Hench, alikuwa Chuo Kikuu cha Florida, na hadithi yake naipenda kwa sababu ilianzia kwenye basi. Mwaka 1967 alikuwa anaenda mkutano wa wanasayansi jimbo la New York, akakaa karibu na kanali wa jeshi aliyetoka Vietnam. Kanali akamuuliza, nyie mnatengeneza vitu vinavyostahimili mionzi mikali, je hamuwezi kutengeneza kitu kinachostahimili mwili wa mtu? Manake alikuwa ameona vijana wanakatwa miguu na mikono kwa sababu vyuma na plastiki walivyotiwa mwili ulivikataa, ukavizungushia kovu. Hench akarudi akawaza, mfupa una kalsiamu na fosfeti, basi nitengeneze glasi yenye hivyo. Mwaka 1969 akachanganya silika asilimia 45, sodiamu oksidi 24.5, kalsiamu oksidi 24.5 na fosfeti 6, kwa uzito, akampa daktari wa mifupa aipandikize kwenye panya. Wiki sita baadaye daktari akarudi na malalamiko, vipande havitoki. Alivisukuma, alivivuta, vimeshikana na mfupa kabisa. Glasi hiyo ndo Bioglass, na mwaka 1985 ikaanza kutumika kwa watu, kwanza kwenye vifupa vidogo vya sikio la kati.

Kwa nini inashika? Hii sehemu nimeirudia mara nyingi kichwani manake ndo roho ya jambo zima. Silikati ikikutana na maji ya mwili, kalsiamu iliyo juu juu inatoka na kuingia kwenye maji, na haidrojeni inachukua nafasi yake. Uso wa jiwe unageuka unakuwa utando laini wa silika, kama ute. Ule ute unavutia kalsiamu na fosfeti zilizomo kwenye damu, zinatua juu yake, zinaganda, na baada ya muda uso mzima umevaa tabaka la apataiti yenye kaboneti, karibu sawa na ile ya mfupa wako. Chembe za mfupa zikifika hazioni jiwe geni, zinaona kitu zinachokijua, zinashika na kuanza kujenga. Juu ya hapo ile silika inayoyeyuka haipotei bure. Mwaka 1970 mwanamama Edith Carlisle alionyesha kwenye jarida la Science kwamba silikoni inajikusanya mahali hasa mfupa mchanga unapoanza kukomaa, kwa panya wadogo, na tangu hapo kazi nyingi za maabara zimeonyesha kwamba silikoni kwa kiasi inachangamsha chembe zinazojenga na hata mishipa ya damu. Kwa kiasi. Ikizidi, inaziua.

Na kama unadhani haya ni mambo ya mbali, muulize daktari wa meno. Ile dawa inayoitwa MTA, wanayozibia mizizi ya jino iliyotoboka, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, miaka ya 1990, msingi wake ni silikati za kalsiamu, ni ndugu wa damu wa saruji ya Portland iliyosafishwa. Saruji! Pengine unayo mdomoni sasa hivi.

Turudi kwenye matundu, manake jiwe bila matundu hata liwe zuri vipi mfupa utalishika kwa nje tu.

Fikiria mitaa ya mji wetu. Kuna vichochoro ambavyo mtu mmoja anapita kwa ubavu, na kuna vile ambavyo punda mwenye mizigo pande zote mbili anapita bila kukwangua kuta. Kichochoro cha kwanza ukikifanya ndo njia pekee ya kuingia mtaani, basi mtaa huo haujengwi, manake mawe yatafikaje, maji yatafikaje, taka zitatokaje. Tundu la kiraka cha mfupa ni hivyo hivyo. Chini ya maikromita 100, karibu na unene wa unywele, chembe zinaweza kuingia lakini mishipa ya damu inapata tabu, na pasipo damu katikati ya kiraka panakufa. Ukipita maikromita 300 mishipa inaingia vizuri zaidi na mfupa unaota vizuri zaidi. Na lazima matundu yaunganike, hilo pengine ni kubwa kuliko hata ukubwa wenyewe, manake tundu lisilotokea kokote ni kichochoro kilichozibwa, punda akiingia hatoki.

Nilipopata nafasi ya kuendelea na masomo nilichagua hii kazi, na siku ya kwanza maabara niliyokuwepo nikafundishwa kutengeneza kiraka kwa sponji ya godoro. Kweli kabisa, sponji ya poliyurethini, ile ile. Unakata kipande, unakichovya kwenye uji mzito wa unga wa silikati na maji na gundi kidogo, unakikamua ili uji ubaki kwenye nyuzi za sponji tu na usizibe matundu, unakausha, halafu unatia tanurini polepole. Sponji inaungua inatoweka, unga unabaki umesimama kwa umbo lake, ukiongeza joto chembe zinashikana na unatoa kitu kama mkate wa mofa wa jiwe, mwepesi, umejaa matundu. Mara ya kwanza kutoa kipande kizima tanurini nililia. Nilikishika nikamwaza ami na nyonga yake.

Halafu nikakibonyeza kwa kidole gumba, na kikawa vumbi.

Hapa ndo penye vita yenyewe. Mfupa wa ndani, ule wa sponji, matundu yake ni kati ya asilimia 50 na 90, na unastahimili kubanwa kwa kama megapaskali 2 mpaka 12, yaani kilo 20 mpaka 120 kwa kila sentimita ya mraba. Mfupa wa nje, ule mgumu wa muundi, unastahimili megapaskali 100 mpaka 230. Viraka vya sponji ya godoro vya Bioglass vyenye matundu asilimia 90 vimewahi kupimwa vikakutwa chini ya megapaskali 1. Kisa ni kwamba pale palipokuwa na uzi wa sponji pamebaki mwanya katikati, kila nguzo ni bomba lenye ufa. Na Bioglass yenyewe haipendi kuokwa, ukiipandishia joto inaanza kuwa fuwele kabla haijashikana vizuri. Ukiongeza matundu unapoteza nguvu, ukiongeza nguvu unaziba njia, na miezi mingi sana nilikuwa napanda na kushuka ngazi hiyo hiyo.

Kuna waliopata njia nzuri kuliko yangu. Kyoto, Japani, Tadashi Kokubo na wenzake miaka ya 1980 walitengeneza glasi-seramiki (glasi iliyookwa mpaka sehemu yake ikawa fuwele) yenye apataiti na wolastonaiti pamoja, ngumu kiasi cha kutumika kama pingili bandia za uti wa mgongo, na yeye ndo aliyetuletea yale maji ya maabara yenye chumvi kama za damu tunayochovya mawe yetu kuona kama yatavaa apataiti. (Kipimo hicho kinasaidia ila wapo waliokikosoa kwa haki, manake jiwe linaweza kuvaa apataiti kwenye chupa na likashindwa mwilini, na lingine likafaulu mwilini bila kuvaa chochote kwenye chupa.) Chuo Kikuu cha Sydney, kikundi cha profesa Hala Zreiqat, mwaka 2016 walichapisha kiraka kilichochapwa kwa printa ya 3D, seramiki yenye msingi wa hadistonaiti, matundu yake ya pembe sita kama sega la nyuki, kikafika megapaskali 110 za kubanwa. Nilisoma makala ile mara tatu. Umbo la tundu pekee, mpangilio wake, lilibadilisha kila kitu. Babu zetu waliopanga zidaka ukutani safu kwa safu bila ukuta kuanguka wangeelewa hapo hapo.

Ila kubanwa sio kila kitu. Seramiki ni kama sahani ya kauri, utaisimamisha na kuiwekea mzigo itakaa, uipige upande itapasuka. Muundi wa mtu anayetembea unapindwa na kusokotwa kila hatua. Ndo maana hata kiraka kizuri namna gani kwa sasa kinahitaji chuma kando yake kikisaidie, na yeyote atakayekwambia kwamba jiwe peke yake litabeba mguu wa mtu mzima tangu siku ya kwanza, muogope.

Niliporudi Idi mwaka ule nilikuja na vipande vitatu kwenye mkebe wa filimu, nimevizungushia pamba. Ami alikuwa barazani na wenzake, kahawa chungu imeshamiminwa. Nikampa kimoja. Akakigeuza, akakipima uzito kwa kiganja, akakitia mdomoni akakipuliza, akahisi pumzi yake kwa upande wa pili. Halafu kabla sijamkataza akakidondoshea kahawa. Tone likanywewa juu, likachungulia chini.

"Iwe hili lina ndia," yaani lina njia, akasema, akawapa wenzake nao walione.

Kisha akaniuliza swali ambalo maprofesa wangu waliniuliza baada ya miaka miwili. "Haya mwanangu, likishangia mguuni, latoka lini?"

Jibu la kweli ni kwamba inategemea, na hapo ndo nimeweka kazi yangu yote. Wolastonaiti ina haraka. Inayeyuka upesi, na kwa kuwa inamwaga kalsiamu nyingi kwa mara moja maji yanayoizunguka yanakuwa na alkali kali, chembe zinaungua badala ya kujenga, na kiraka kinalegea kabla mfupa haujafika. Akemanaiti, kwa ile magnesiamu yake, inakwenda polepole. Watafiti wa Shanghai, kikundi cha Jiang Chang, waliiweka kwenye mfupa wa paja wa sungura wakailinganisha na seramiki ya fosfeti ya kalsiamu inayotumika sana, na ile ya silikati ikafanya vizuri zaidi kwa kuota mfupa na kwa kuyeyuka pia. Hadistonaiti ina subira zaidi kwa sababu ya zinki. Kwa hiyo siku hizi swali sio lipi gumu kuliko lote, swali ni lipi linapungua kwa mwendo ule ule mfupa unaoongezeka, na mwendo huo haufanani kwa kijana wa miaka 20 na mzee mwenye sukari, wala kwa taya na kwa muundi. Unaweza kuchanganya silikati mbili, unaweza kuzidisha moto kidogo ili jiwe lishikane zaidi na lichelewe, unaweza kupunguza unene wa kuta za matundu. Kila ukigusa kimoja vingine vyote vinatikisika.

Nilimweleza ami hivi kwa lugha ya kazi yake, nikamwambia ni jukwaa, linasimama mpaka ukuta ushike halafu linaondoka, tofauti ni kwamba hakuna mtu wa kulifungua, lazima lijifungue lenyewe, boriti moja moja, wakati ukuta unapanda. Akatikisa kichwa muda mrefu. Jukwaa ndo lililomwangusha, anajua kamba ikiachia mapema ni nini.

Tumefika wapi? Glasi za Hench zipo, chembechembe zake zinajaziwa kwenye taya na kwenye mapengo madogo ya mfupa, hilo ni la hospitali tayari. Silikati hizi nyingine nyingi bado ni za sungura na kondoo na za maabara. Pengo kubwa la mguu, kama la ami, bado daktari wa Mombasa au wa kokote ataanza kwa kuangalia nyonga, na atakuwa sahihi. Kwa hiyo kama mzazi wako anapelekwa thieta kwa mfupa usiounga, uliza kabla: mtachukua mfupa wapi, kiasi gani, na pale mtakapochukua patauma mpaka lini. Uliza kwa Kiswahili na udai kujibiwa kwa Kiswahili. Mie bado naamini itafika siku mwashi atatoka na bandeji moja tu, na naamka alfajiri kwenda tanurini kwa sababu hiyo.

Muundi wa ami uliunga hatimaye, mwezi wa kumi na nne. Anatembea na bakora, juu ya jukwaa hapandi tena, lakini kazini huenda kila siku. Wiki iliyopita nilimfuata huko kumpelekea chakula cha mchana, vijana wamemaliza kupiga ukuta wa msana wanataka kufungua jukwaa ili walihamishie nyumba ya pili, mwenye nyumba naye anawaharakisha. Ami akasogea na bakora yake mpaka ukutani, akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye chokaa. Ukazama. Akawaambia waache kila boriti mahali pake, warudi Jumatatu, akanipokea sahani.